Ngumu Siyo Nguvu

Kila asubuhi Mama Pacha huanza siku kwa beseni. Huosha vyombo, hufua soksi za shule, kisha humwaga maji uani. Hamwagi kivivu, hapo hapo miguuni. Hushika beseni kwa mikono miwili, huliyumbisha taratibu kutoka nyuma, halafu huyaachia maji yaruke mpaka kwenye kona ya ukuta. Pacha wake, wasichana wawili, humpigia makofi. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, husema maneno yaleyale kila siku.

"Iko siku utammwagia mtu, mwanangu."

Hajawahi kummwagia mtu. Maji yake huenda anakotaka yeye. Likumbuke beseni hilo, msomaji, maana kuna watu wanadhani kazi za uani hazifundishi kitu.

Nyumba yao ina vyumba viwili na ukumbi mdogo. Ukumbini kuna kiti cha Bibi, meza yenye mguu uliofungwa waya, na msumari mkubwa ukutani. Kwenye msumari limetundikwa begi la turubai. Ni begi la machimboni. Siku zile kila aliyepita alilitazama, na hakuna aliyelipenda.

Zamani Baba Pacha alipasua mawe machimboni. Vumbi jeupe lilimwingia kifuani, akarudi nyumbani anakohoa usiku na mchana. Daktari alimwambia, "Kifua chako kimeshiba vumbi. Usikiongezee." Basi akawa mvuvi katika bwawa lililo karibu na kwao, na kikohozi kikapungua. Mama Pacha alimshukuru Mungu, akalala usingizi.

Kisha samaki wakaanza kuwa wadogo. Nyavu zilikuwa zinazoa mpaka watoto wa samaki. Wavuvi wakakutana, wakakubaliana: nyavu zipumzike, kila mtu avue kwa fimbo na mshipi. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini Baba Pacha hakujua fimbo. Alijua wavu.

Alianza na fimbo nyembamba aliyoachiwa na rafiki. Akafunga kisamaki kimoja cha mpira chenye ndoana, akakirusha bwawani. Samaki wakubwa walikipita bila hata kukisalimia.

Ndipo akaenda kwa jirani yao, Fundi. Huyu ni mwanamke mwenye sauti kubwa na karakana ndogo. Hutengeneza fimbo za kuvulia na vyambo vya bandia, na hakuna siku amewahi kuficha kwamba anaijua kazi yake.

"Kaka yangu, kidole kimoja hakivunji chawa," Fundi alimwambia. "Na kisamaki kimoja hakimshtui samaki mkubwa. Yeye anawinda visamaki vinavyokwenda kwa kundi. Mpe kundi! Chukua mwavuli."

Akamwonyesha. Kilikuwa kichwa kidogo cha madini ya risasi chenye nyaya tano zilizotawanyika kama mbavu za mwavuli. Kila waya ulibeba kisamaki cha mpira. Kikivutwa majini, vile visamaki vitano vinaogelea pamoja kama familia.

"Ndoana ziko tatu tu," Fundi aliongeza. "Sheria ya bwawa letu hairuhusu zaidi. Visamaki viwili ni vya kuongeza kundi. Ukienda bwawa la watu, uliza kwanza sheria zao."

Baba Pacha alipeleka mwavuli nyumbani. Bibi aliugeuza huku na huku.

"Mwavuli hauzuii mvua, hauzuii jua. Wa nini?"

"Wa kukuletea kitoweo, Mama."

"Haya. Tutauona."

Walichokiona ni fimbo kuvunjika. Baba Pacha aliurusha mwavuli kwa ile fimbo nyembamba, fimbo ikalia *ka!* na kukatika vipande viwili. Nusu ilibaki mkononi. Nusu nyingine ilining'inia kwenye mshipi.

Akarudi mbio kwa Fundi. Alimkuta akinoa vyuma kwa mashine, cheche zinaruka na kelele zimejaa karakana.

"Nitafute fimbo gani?" alipiga kelele.

Fundi hakuzima mashine. "Tafuta fimbo ya nguvu!"

"Sawa! Asante, dada!"

Akaondoka. Na hapo ndipo makosa yalipoingia, kwa sababu mashine ilimeza herufi moja. Baba Pacha hakusikia *nguvu*. Alisikia *ngumu*.

Dukani akaulizia fimbo ngumu kuliko zote. Alipewa fimbo fupi, nene, isiyopinda. Aliikanyaga, haikupinda. Aliibana mlangoni, haikupinda. Akafurahi sana.

"Hii ni mchi!" alitamba ukumbini. "Sasa nani ataivunja?"

Kweli, haikuvunjika. Lakini haikuvua. Mwavuli ulianguka karibu mno, *chubwi*, hapo hapo mtu anapoweza kutema mate. Akaongeza nguvu za mkono. Bega likaanza kuuma. Alijaribu kutwa nzima, akawa anarusha kama mtu anayegombana na nzi. Mara moja moja samaki mkubwa alishika. Baba Pacha alivuta kwa hasira, ndoana ikachana mdomo wa samaki, samaki akaenda zake. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Majirani waliokuwa wakivua pale pale kwenye ukuta wa bwawa wakaanza kumwita Mzee Chubwi.

Jioni moja aliingia nyumbani, akaiegemeza fimbo ukutani, akaketi bila kuvua viatu.

"Jumamosi lori la machimbo linapita," alisema. "Mnyapara ameniwekea nafasi. Nisipopata samaki kabla ya hapo, nitapanda."

Bibi aliacha kushona. Mama Pacha akamsogelea mumewe.

"Na kifua chako?" aliuliza.

"Kifua changu hakiwalishi watoto."

"Kikizima, ndiyo kitawalisha?"

Baba Pacha alisimama. Alilitungua begi msumarini, akalikung'uta. Vumbi jeupe la zamani lilitoka, na hapo hapo akaanza kukohoa. Mama Pacha aligeukia mlango ili pacha wasimwone akilia. Aliogopa. Hakuogopa njaa peke yake. Aliogopa kubaki na kiti kitupu mezani.

Kesho yake aliibeba ile fimbo na mwavuli, akaenda kwa Fundi. Safari hii mashine ilikuwa imezimwa.

"Kaka yako anasema mwavuli una mkosi," alisema Mama Pacha.

"Mkosi?" Fundi aliipokea fimbo. Aliitazama juu mpaka chini. "Na hii ni ya kusongea nini? Nani amemwambia anunue hii?"

"Wewe! Ulimwambia atafute fimbo ngumu."

"Mimi? Nilisema nguvu! Ngu-vu!"

Wakatazamana. Kisha Fundi akapasuka kicheko mpaka akashika meza. Mama Pacha naye, macho yakiwa bado yamevimba kwa kilio cha jana, akacheka. Kuna vicheko vinavyotibu, na hiki kilikuwa kimojawapo.

"Kosa ni letu wote wawili," Fundi alisema baada ya kupumua. "Yeye hakuuliza tena, mimi sikuzima mashine. Haya, keti. Ngumu siyo nguvu, wifi yangu. Ngumu haipindi. Nguvu inapinda, halafu inarudi. Sasa, huu mwavuli una uzito gani?"

"Sijui."

"Umeona? Tunanunua fimbo, mzigo hatujaupima. Ni kama kununua viatu vya mtu ambaye hujamwona mguu."

Alileta mizani ya kupimia unga wa keki. Wakaweka mwavuli mzima: kichwa, nyaya, visamaki na ndoana zote pamoja. Mizani ikasema gramu mia moja na kumi.

"Watu hupima kisamaki kimoja, wakasahau kwamba viko vitano na nyaya zake," alisema Fundi. Akachukua kipande cha ile fimbo nyembamba iliyovunjika, ambacho Baba Pacha alikiacha karakanani. "Soma hapa, juu ya mpini."

Mama Pacha akasoma. "Kumi mpaka arobaini."

"Ni gramu. Fimbo hii ilitaka mzigo usiozidi arobaini. Ninyi mkaipa mia na kumi. Ilikufa kwa kuonewa, maskini. Sasa soma hii ngumu."

"Mia mbili mpaka mia nne."

"Hii ni ya kushusha mzigo mzito moja kwa moja chini ya boti, siyo ya kurusha. Mwavuli wenu kwake ni unyoya. Haiusikii, haipindi. Na fimbo isiyopinda hairushi kitu. Anayerusha ni bega la mume wako. Ndiyo maana linauma."

"Na samaki kuchanika mdomo?"

"Ni hiyo hiyo. Samaki akishtuka, kitu fulani lazima kilegee. Fimbo ikipinda, inalegea yenyewe na kumchosha. Ikikataa kupinda, kinachoachia ni mdomo wa samaki."

Mama Pacha alizitazama tena zile namba. Kisha aliuliza kwa upole, "Kwa hiyo uzito wetu uwe katikati ya namba mbili?"

"Hapo hapo! Namba ya chini iwe ndogo kuliko mzigo wako, ya juu iwe kubwa, na ibaki nafasi. Usiende kwenye ukingo."

"Na nikifika dukani zikiwa nyingi?"

Fundi alisimama, akanyoosha mkono juu. "Chagua ndefu, kama mtu mrefu aliyenyoosha mkono hivi. Urefu unakupa mwendo. Mpini uwe mrefu pia, ushikwe kwa mikono miwili. Halafu ifanyie jaribio la chupa. Jaza chupa ndogo maji, iwe na uzito unaokaribia wa mwavuli. Ining'inize kwenye ncha. Ncha isalimie, kiuno kisimame."

"Kiuno cha nani?"

"Cha fimbo! Ncha iiname kidogo kama mtu anayetoa shikamoo. Katikati pabaki imara. Ikiinama yote mpaka kiunoni, ni dhaifu. Ikigoma kusalimia kabisa, ni ngumu, mwachie mwenye boti. Wamesema samaki mkunje angali mbichi. Fimbo nayo ikunje ungali dukani."

Mama Pacha aliyarudia maneno hayo njia nzima. Alipofika nyumbani alimweleza mumewe kila kitu. Baba Pacha alishika kichwa.

"Nguvu? Alisema nguvu?"

"Nguvu."

"Nimelivunja bega langu kwa herufi moja!"

"Masikio yako yana vumbi la machimbo," Bibi alisema. "Usiyapeleke tena huko."

Mume na mke wakaenda dukani pamoja, ile fimbo ngumu mkononi. Muuzaji alitoa fimbo nyekundu inayong'aa.

"Mama, hii ndiyo wanayoipenda wengi. Ona rangi."

"Samaki hawavuliwi kwa rangi," Mama Pacha alijibu. "Naomba nisome namba."

Akasoma, akarudisha. Akachukua nyingine. Akatoa chupa kwenye mfuko wake, akaining'iniza. Wateja wakaacha kununua, wakawa wanatazama. Fimbo ya kwanza iliinama mpaka kiunoni, ncha ikagusa sakafu. Ya pili haikutikisika. Ya tatu haikuwa na urembo wowote, ya rangi ya moshi, ndefu, mpini wa kutosha mikono miwili. Juu ya mpini iliandikwa sitini mpaka mia na hamsini. Chupa ikaning'inia. Ncha ikainama kidogo. Kiuno kikasimama.

"Marahaba," Mama Pacha aliijibu fimbo, na duka zima likacheka.

Muuzaji alikuwa na mteja wa boti aliyekuwa akitafuta fimbo ngumu hasa. Wakabadilishana, fimbo kwa fimbo. Muuzaji akaongeza na ushauri wake: mshipi mnene wa kusukwa, kwa sababu mwembamba hukatika mzigo mzito unaporushwa, na rili imara, yaani kile kidude cha kuzungushia mshipi. Mshipi na rili imara walikuwa navyo. Iliyokosekana ilikuwa fimbo tu.

Ijumaa walifanya mazoezi kwenye uwanja mtupu wa jirani. Ndoana walizing'oa kwanza. Fundi alikuja kusimamia, na alisimamia kwa mdomo.

"Tazama nyuma! Hakuna mtu? Rusha. Siyo hivyo, kaka! Unachapa punda? Mwavuli hauchapwi. Uache uning'inie chini ya ncha, urefu wa mkono wako. Uyumbishe nyuma, fimbo ihisi uzito, halafu uuachie."

Baba Pacha alijaribu. Mkono wake ulishazoea ubabe. Mwavuli ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, ukamzunguka shingoni. Bega likamkamata, akakaa chini.

Mama Pacha alikuwa akitazama tu. Aliitazama mikono ya mumewe, akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Nipe," alisema.

Akashika mpini kwa mikono miwili. Akatazama nyuma. Akauyumbisha mwavuli taratibu, kama anavyoliyumbisha beseni kila asubuhi ya Mungu. Fimbo ikapinda, akaisikia imebeba uzito. Akauachia. Mwavuli ukapaa. Ukapita jiwe walilokuwa wameliweka alama, ukapita kichaka, ukaangukia mbali huko.

Baba Pacha akainuka kutazama ulikoangukia. Kisha Fundi akapiga yowe.

"Nani amekufundisha?"

"Maji machafu," alisema Mama Pacha, na akacheka kwa furaha kama msichana.

Baba Pacha alimwangalia mkewe. Wivu haukumwingia hata kidogo. "Basi kesho asubuhi unarusha wewe," alisema. "Lakini begi nitalifunga. Nimempa mnyapara neno langu. Tukikosa, ninakwenda."

Jumamosi ikafika. Walikuwa kwenye ukuta wa bwawa tangu kulipopambazuka. Mama Pacha alirusha. Akavuta polepole, visamaki vitano vikiogelea pamoja. Hakupata kitu. Akarusha tena upande wa mawe. Kimya. Begi la turubai lilikuwa pale ukutani, limefungwa kamba. Bibi alikuja na pacha, akaketi karibu na begi. Hata waliomwita mumewe Mzee Chubwi hawakutania siku hiyo.

Barabarani, upande wa pili wa ukuta, lori likapiga honi.

Baba Pacha alisimama. Akalichukua begi, akalitia begani, lile bega lililokuwa zima. "Mama Pacha," alianza.

"Ngoja. Narusha huu."

"Wananisubiri."

"Narusha huu, nimesema!"

Akatazama nyuma. Akauyumbisha. Akauachia. Mwavuli ulipaa kuliko siku zote, ukazama mbali, pale maji yalipogeuka meusi. Akavuta, akavuta. Halafu fimbo ikasita.

"Jiwe," mtu alisema.

Jiwe likaanza kutembea.

"Usivute kwa hasira!" Baba Pacha alipiga kelele. "Iache ipinde! Iache fimbo ifanye kazi!"

Na fimbo ilifanya kazi. Ncha iliinama mpaka karibu na maji, kiuno kikasimama. Samaki alikimbilia kulia, fimbo ikalegea kidogo na kurudi. Akazama, ikamfuata. Mama Pacha aliegemeza mpini tumboni, akawa anainua taratibu, anazungusha rili, anainua tena. Hakuachia. Kisha majini kukang'aa kitu cheupe. Na kando yake, kingine.

"Ni wawili!" pacha walipiga kelele kwa sauti moja. "Mama, ni wawili!"

Kweli walikuwa wawili, kila mmoja kwenye ndoana yake, kila mmoja mnene kama paja la mtu. Baba Pacha aliruka majini na viatu vyake, begi bado liko begani. Akamtia mmoja kwenye kijiwavu chenye mpini, cha kuinulia samaki. Kikajaa. Mwingine je? Aligeuka huku na huku. Akavuta kamba ya begi kwa meno, akamwaga mashati na suruali majini, akamsukumia samaki wa pili ndani ya begi, kichwa kwanza.

Mnyapara alikuwa amepanda ukutani kuona kelele za nini.

"Wewe! Unakuja au huji?"

Baba Pacha alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Amelikumbatia begi, na mkia wa samaki unampiga shavuni. Alikuwa akicheka, na kwa mara ya kwanza tangu begi lile litunguliwe, hakukohoa.

"Siwezi, kaka! Begi limejaa!"

Ukuta mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mnyapara alitazama, akashindwa kujizuia, naye akapiga makofi. Lori likaondoka na kiti kimoja kitupu.

Leo Mama Pacha na mumewe huvua pamoja. Yeye hurusha, mumewe huongoza rili bega lake likiwa salama, na kila mtu bwawani anajua nani fundi wa kurusha. Mwenye kutaka fimbo humfuata, naye humwuliza swali moja kabla ya yote: "Mzigo wako umeupima?" Kisha humpa chupa ya maji, aende nayo dukani. Fundi naye huzima mashine mtu akimwuliza kitu. Anasema herufi moja ilitosha.

Begi limerudi kwenye msumari wake ukumbini. Mama Pacha amelifua mara nyingi, na maji yake ameyatupa mpaka kwenye kona ya ukuta. Harufu ya samaki imekataa kutoka.

"Liacheni," Bibi husema, akiendelea kushona. "Linanuka vizuri. Nani atakubali kukaa nalo kwenye lori?"